Bidon Tatu za Papa Ketsia

Jumatano ile Chef Vainqueur, mkuu wa mtaa, alipuliza filimbi ya salongo mara saba, na waliokuja walikuwa watatu: Chef mwenyewe, Norbert mchunga robine, na mbuzi wa mchungaji wa kanisa, ambaye hakuja kufanya kazi. Walisimama pale kwenye robine kavu, ule mfereji wa maji wa mtaa, wakitazamana. Chef alikuwa amevaa koti la suti, na kwapani alibana daftari la kuandikia majina ya wahudhuriaji. Akalifungua, akaandika "Norbert", akafikiri kidogo, akalifunga.

"Batu bako wapi?" akauliza.

"Banakuya, Chef," alisema Norbert, ingawa alijua hawaji.

Salongo ni kazi ya pamoja ya mtaa, na kwa kawaida hufanyika Jumamosi. Hii ya Jumatano ilikuwa ya dharura. Mvua ya Jumatatu ilikuwa imebomoa ukingo wa korongo na kung'oa bomba, na tangu hapo mtaa mzima ulikuwa haujaona tone. Bomba jingine lilikuwepo, limeviringishwa uani kwa Chef tangu shirika moja lilipoliacha pale. Kilichokosekana ni mtaro wa hatua mia mbili, na mikono ya kuuchimba.

Chef akapuliza mara ya nane. Ng'ambo ya njia mlango mmoja ulifunguka, kichwa kikachungulia, mlango ukafungwa polepole, kama mtu anavyofunga akiwa hataki kumwamsha mtoto.

"Serikali inaita, banafunga milango," Chef alisema kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa mtu wa kuumia haraka. "Norbert, kesho utapita nyumba kwa nyumba. Utabaambia iko faini."

Mbuzi akala ncha ya daftari, na salongo ikaisha.

Kwa watu wengine siku chache bila robine zilikuwa taabu ya kawaida. Kwa Norbert zilikuwa janga. Jumapili wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nundu kumposa binti yake Ketsia, na atakayewaongoza ni Muzee Néhémie, baba mkubwa wa kijana. Huyu mzee alikuwa amezika mke kwa kolera, kile kipindupindu cha maji ya ziwani, na tangu siku ile hakupokea kikombe mkononi mwa mtu bila kuuliza swali moja: "Hii maji imetoka wapi?" Mwaka uliopita alikuwa amekwenda kumposea kijana mwingine hapahapa mjini Baraka. Akauliza swali lake, na mama mwenye nyumba, ambaye hakujua kusema uongo, akajibu kwamba maji ni ya ziwani. Mzee alivaa kofia, akasema asante, akarudi Nundu na kijana wake. Sufuria bado ilikuwa motoni. Majirani walikula ule wali siku mbili, na binti wa watu yuko kwao hadi leo.

"Na wewe unachunga robine," Constance alimwambia mumewe jioni ile, akichambua maharage. "Siku bakwe banakuya, mutoto wa mwenye robine atabapa maji ya ziwa. Batu batacheka mpaka Nundu."

"Nitapita nyumba kwa nyumba."

"Utabaambia nini?"

"Iko faini."

Constance akamtazama, akarudi kwenye maharage yake.

Ketsia, aliyekuwa akisuka nywele mlangoni, alisema bila kugeuka: "Papa, batu habakatai kazi. Banakataa rangi."

Norbert akajifanya hakusikia. Neno lile ndilo alilokuwa akilikwepa wiki tatu sasa, nasi hatuna budi kulieleza.

Pale robineni, watu hawapangi mstari wenyewe. Hupanga bidon. Mtu huleta madumu yake ya njano alfajiri, huyaweka nyuma ya yale ya mwenzake, kisha huenda zake shambani au sokoni, na hakuna anayethubutu kuyagusa. Bidon ikisimama mstarini ni kama mwenyewe amesimama. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna aliyeiandika, labda ndiyo maana ilifuatwa.

Kisha Chef Vainqueur akapata wazo. Alimpa Norbert kopo la rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka mlango wa kanisa, akamwamuru azipake bidon za Chef mstari mwekundu tumboni. Hizo, alisema, ni bidon za bureau, yaani za ofisi yake, na bidon ya bureau haipangi mstari, maana serikali haiwezi kukaa nyuma ya muuza ndakala. Bidon za Chef zilikuwa nane. Norbert alipaka kumi na moja. Zile tatu zilizozidi zilikuwa zake mwenyewe. Alijiambia kwamba rangi ilikuwa imebaki, na rangi ikikaukia koponi ni hasara.

Kwa juma moja serikali ilichota maji kwanza. Juma la pili Mama Fanny, muuza ndakala, wale dagaa wa ziwani, alileta bidon zake zikiwa na mstari mwekundu wa rangi ya midomo. Kesho yake Mama Marie akaleta zake zimefungwa kitambaa chekundu. Papa Élie, ambaye hakuwa na rangi wala kitambaa, alipaka mawese, akaja akifuatwa na inzi. Ilipofika Ijumaa, mstarini kulikuwa na bidon sitini na nne, zote za serikali.

Chef alikasirika, akabadili sheria palepale: bidon zisizo na rangi zitangulie. Robo saa haikupita. Akina mama walisugua kwa vitenge, kwa majani, kwa mate, na mistari yote ikafutika isipokuwa kumi na moja, kwa kuwa rangi ya mlango wa kanisa haitoki kwa kitenge. Chef akasimama akitazama bidon zake zikisukumwa hadi mkiani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Asubuhi iliyofuata alirudisha sheria ya kwanza na kutangaza kwamba rangi ya kweli ni ile iliyopakwa na Norbert peke yake. Hapo ndipo watu walipoacha kucheka.

*

Alhamisi Norbert alipita nyumba kwa nyumba.

Papa Élie alimpokea kwa heshima, akampa kiti. Angependa sana kuchimba, alisema, ila Jumamosi ana msiba.

"Pole. Nani amekufa?"

"Hajakufa bado," alisema Papa Élie. "Lakini iko mubaya sana."

Mama Marie alikuwa na mgongo. Mume wa Mama Marie alikuwa na mgongo wa Mama Marie wa kuuguza. Katika nyumba tatu zilizofuatana mpini wa jembe ulikuwa umevunjika siku ileile, na katika nyumba ya nne jembe lilikuwa limeazimwa na mtu wa nyumba ya tano, ambaye mpini wake ulikuwa umevunjika. Neno faini Norbert alilisema mara moja tu. Mtu aliyeambiwa aliitikia, "Sawa, muandike," na sauti yake ilikuwa tulivu hata Norbert akaogopa.

Kwa Mama Fanny alilikuta jembe limeegemea ukuta, zima, linang'aa.

"Na ile?" akauliza.

"Ile ni ya kupamba nyumba," Mama Fanny alisema. Alikuwa akitandaza ndakala juani na hakusimama. "Kaa, Papa Ketsia. Unatafuta batu ya kuchimba?"

"Mama Fanny, ni maji yetu sisi bote."

"Ni yetu sisi bote saa ya kuchimba. Saa ya kuchota ni ya nani?"

Norbert akakaa.

"Mwaka ule tulichimba mtaro wa kwanza, ulisikia mutu analalamika?" aliendelea Mama Fanny. "Nilichimba na mimba ya miezi saba. Hakuna mutu alinipigia filimbi. Juu ya nini? Nilijua nikiweka bidon yangu nyuma ya ingine, nitachota nyuma ya ile ingine. Sasa nichimbe hatua mia mbili ili bidon ya rangi inipite? Heri ziwa. Ziwa haina chef."

"Ziwa iko na kolera."

"Najua," alisema Mama Fanny, na kwa mara ya kwanza aliacha samaki wake. "Mutoto wangu wa pili anahara tangu jana. Usifikiri hatujui."

Norbert alirudi kwake kwa njia ya nyuma. Alimsimulia Constance kila kitu, akimlaumu Chef kwa bidii, mpaka mkewe akamkatiza.

"Papa Ketsia. Bidon ya rangi ziko ngapi?"

"Kumi na moja."

"Na Chef iko na ngapi?"

Constance ndiye aliyekuwa akipika kwa maji ya zile tatu, naye hakuwa amesema kitu wiki tatu nzima, kwa hiyo aibu aliichukua nusu yake bila kuombwa. "Mficha uchi hazai," alisema taratibu. "Na sisi tuko na mutoto wa kuoza."

*

Hata robine ikiwa kavu, bidon hazikuondoka. Watu walikuwa wameziacha mstarini tangu Jumatatu, endapo maji yatarudi ghafla, na mstari ule mtupu ulikuwa umesimama siku tano bila mtu kuuiba wala kuupanga upya. Mbele kabisa zilikaa zile kumi na moja.

Ijumaa asubuhi, saa ambayo wanawake hupita kwenda sokoni, Norbert alizifikia bidon zake tatu, akazichukua, mbili mkono mmoja na moja mkono mwingine, akazipeleka mwisho wa mstari. Bidon tupu si nzito. Hata hivyo alizibeba taratibu kana kwamba zimejaa. Watu walisimama na beseni zao kichwani.

"Hizi tatu," alisema, akaziweka chini, akaanza tena. "Hizi tatu hazikuwa za bureau. Ni zangu mie."

Mama Fanny akashusha beseni lake, akasema, "Tunajua."

"Munajua tangu wakati gani?"

"Tangu siku ya rangi. Bidon ya Chef iko na vifuniko. Zako unafungaka na kigunzi ya muhindi. Bureau gani inafungaka bidon na kigunzi?"

Norbert alizitazama. Kweli, kila moja ilikuwa na gunzi limechomekwa mdomoni, na moja lilikuwa bado na punje mbili. Wiki tatu alikuwa ameficha siri ambayo kila mtoto wa mtaa aliweza kuisoma kutoka ng'ambo ya njia. Alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya pale, kama alivyokuwa amejifunza juma lile, haipasuki mpaka ichimbwe.

"Tulikuwa tunangoja kama utasema," alisema Papa Élie, ambaye mgonjwa wake alionekana kupata nafuu.

"Na zile nane?" akauliza Mama Marie.

Hilo ndilo swali aliloliogopa. Kuzigusa bidon za Chef ni kujitafutia kufukuzwa robineni. Akazitazama zile nane, akamfikiria Muzee Néhémie akivaa kofia, akamfikiria pia mtoto wa Mama Fanny. Akazibeba mbilimbili, safari nne. Akazipanga nyuma ya bidon ya mwisho ya watu, kisha akazisogeza zake tatu zikawa nyuma ya zile nane, mwisho kabisa.

Chef Vainqueur alifika kabla jasho halijamkauka.

"Nani amehamisha bidon za serikali?"

"Mimi, Chef."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Norbert akaisogeza bidon ya mwisho ikakaa sawa mstarini.

"Nitakutoa kwenye robine. Nitaweka mutu mwingine."

"Unitoe, Chef," Norbert alisema. "Lakini kwanza iwe na maji. Saa hii unanitoa kwenye chuma tu."

Mtu alicheka nyuma, akajikohoza. Chef alijiinamia akaangalia mstari, akahesabu kwa macho, akaondoka na koti lake bila kupuliza kitu chochote.

*

Jumamosi hakuna filimbi iliyolia. Norbert alifika korongoni na jembe lake kabla jua halijachomoza vizuri, akiwa amejiandaa kuchimba hatua mia mbili peke yake mpaka siku ya kiyama. Alimkuta Mama Fanny amekwishafika. Akaja Papa Élie, na jembe lenye mpini mzima. Wakaja wale wa nyumba tatu, mipini yao ikiwa imepona usiku mmoja. Mama Marie alikuja na mgongo wake, na mume wake nyuma kuuangalia. Walifika arobaini na zaidi, na mtu mmoja akatunga wimbo hapohapo wa kupigia jembe: mmoja anauliza, bureau imefungwa na nini, wengine wanaitikia, kigunzi. Walimwimbia Norbert wimbo ule kuanzia saa moja mpaka saa nne, na yeye akaitikia pamoja nao, maana afadhali uimbe kuliko kuimbwa.

Saa nne mtaro ulikuwa umekwisha, isipokuwa kipande kilichopita mbele ya lango la Chef. Bomba lilikuwa ndani ya lango hilo.

Watu walisimama. Hakuna aliyetaka kubisha hodi. Kisha lango likafunguka, na bomba likatoka lenyewe, likibingirika. Nyuma yake alikuwa Mama Vanessa, mke wa Chef, akilisukuma kwa mikono miwili. Alikuwa amefua nguo za nyumba nzima ziwani siku tano, na uso wake ulieleza yote yaliyosemwa ndani ya nyumba ile usiku uliotangulia.

Nyuma ya Mama Vanessa alikuja Chef. Alikuwa na jembe, na alikuwa amevaa koti.

Hakuna aliyemcheka. Walimsogezea nafasi kwenye kile kipande cha mwisho, naye akachimba kweli. Alichimba hatua kumi, akitoa jasho, na watu walipokuja kutazama wakakuta mtaro wake umepinda, umeacha njia na kuelekea polepole kwenye lango lake mwenyewe.

"Chef," Norbert alimwambia kwa upole, "iko inaenda kwako."

Chef alitazama, na kwa kweli alishangaa kuliko wote. "Sikufanya makusudi," alisema. "Mukono umezoea."

Waliunyoosha kadiri walivyoweza. Bomba lilikuwa la plastiki, likakubali kukunjwa. Mpindo ule uko mpaka sasa, na watu huuita kona ya Chef, wala yeye hakasiriki, au hukasirika kidogo tu.

*

Maji yalitoka Jumapili asubuhi, kwanza kikohozi, kisha matope, kisha maji yenyewe, safi, lakini membamba kama uzi. Norbert alifungua robine kwa ufunguo wake na kuanza kuita bidon moja baada ya nyingine. Kila moja ilichukua muda wake. Mstarini kulikuwa na bidon sabini na tano.

Alikuwa amepiga hesabu ya wageni kufika saa nane. Walifika saa nne. Watu wa Nundu walikuwa wamepata lori la mapema.

Constance alikuja robineni karibu akikimbia, amevaa kitenge kipya. "Bamefika," alisema. "Muzee amekaa. Anaomba maji ya kunywa."

Norbert aliangalia mstari. Ilikuwa zamu ya bidon ya kumi na tisa. Zake zilikuwa mkiani, na magunzi yake, nyuma ya zile nane ambazo Chef mwenyewe alikuwa amesimama kando yazo akizilinda.

"Pitisha moja, Papa Ketsia," alisema Mama Fanny. "Ni bakwe."

Wengine waliitikia, pitisha, pitisha. Norbert alizitafuta nyuso zao. Alitaka kujua kama wanamhurumia au wanampima, na hakuweza kujua. Huo ndio mshahara wa rangi nyekundu: mtu aliyewahi kudanganya watu haamini hata wema wao. Mkononi alikuwa na ufunguo, na mkewe alikuwa akimtazama kwa macho yaliyojaa machozi.

"Hapana," alisema. "Nitangoja."

"Utangoja mpaka jioni!" Constance alisema. "Muzee atavaa kofia!"

"Najua," alisema Norbert, akaisogeza bidon ya kumi na tisa chini ya robine, ingawa alimpenda mtoto wake.

Mama Fanny aliguna. Bidon ya kumi na nane ilikuwa yake, imejaa, bado hajaibeba. Alichukua beseni la Mama Marie bila kuuliza, akaliweka chini katikati ya watu, akainamisha bidon yake, akamimina kikombe kimoja. Si zaidi. Kisha akamsukuma Papa Élie kwa kiwiko.

"Yangu bado iko na harufu ya mawese," Papa Élie alisema, na akamimina hata hivyo.

Wakaja waliokuwa wamekwisha kuchota na kufika nyumbani. Walirudi na vikombe, na sufuria, na birika moja. Kila mmoja alimimina chake, na hakuna bidon iliyoruka nyingine. Beseni likajaa. Constance alilichukua kichwani, akaondoka taratibu asimwage, naye aliyemsindikiza alikuwa Mama Fanny, kwa sababu hakuna nguvu duniani ingemzuia.

Yaliyotokea nyumbani Norbert aliyasikia baadaye, na aliomba asimuliwe mara nyingi. Muzee Néhémie alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakitazama, akauliza swali lake.

"Hii maji imetoka wapi?"

Ketsia alikuwa amepiga magoti mbele yake, na Constance akamtazama Mama Fanny. Mama Fanny ndiye aliyejibu. "Ni ya robine, Muzee. Imetoka kwangu kikombe kimoja. Imetoka kwa Papa Élie. Imetoka kwa Mama Marie, na mume yake, juu yeye iko na mugongo. Imetoka kwa yule fundi wa vitanda. Imetoka kwa mama wa mapacha, yeye alitoa mbili..." Akaendelea, akihesabu kwa vidole, nyumba baada ya nyumba, akirudi nyuma alipokosea. Alipofika jina la kumi, Muzee Néhémie alikuwa amekwisha kunywa, amerudisha kikombe, na anaomba kingine.

Kule robineni Norbert hakujua lolote kati ya hayo. Alikuwa ameita bidon ya ishirini na nane. Jua lilikuwa limepanda, na Chef Vainqueur, aliyekuwa amevua koti na kulitandika juu ya bidon zake ili zisipate moto, alimsogelea na kumnong'oneza.

"Norbert. Na mie, unafikiri bangenimiminia?"

Norbert alilifikiria swali lile kwa haki, kama linavyostahili.

"Ngoja kidogo, Chef," alisema. "Hatua kumi ni mwanzo." Akageukia mstari, akaita bidon ya ishirini na tisa.